Jua Limepanga Chumbani Kwangu

Limepanga, na kodi halilipi. Mie kazi yangu ya usiku, mapokezi ya hoteli, kulala kwangu ni mchana wakati nyie mko Darajani mnagombania pweza. Na chumba tunacholala, juu kabisa hapa Mji Mkongwe, kina dirisha la paani. Si la ukutani, la paani! Alilitia Mzungu mmoja aliyekuwa akikaa humu kabla yetu, alitaka alale akitazama nyota. Nyota kaondoka nazo, jua kaniachia mie.

Yakhe, dirisha kama hili ni la watu ambao jua kwao ni mgeni, likija huandaliwa. Hapa kwetu ni mwenyeji. Mwanzoni mwa Machi, na tena wiki ya pili ya Oktoba, adhuhuri linasimama utosini barabara, hata kivuli chako hukioni, umekikanyaga. Sasa chini ya dirisha pana kitanda, na juu ya kitanda pana mie.

Pazia lilikuwepo, lile la kujiviringa kwenye mti wake, na reli mbili pembeni. Kitambaa cheusi, nyuma kimepakwa rangi ya fedha ya kurudisha jua. Lakini ile fedha imekaangwa miaka mpaka inabanduka magamba magamba. Naamka inang'aa kwenye ndevu. Siku nilipomaliza chai nzima yenye ladha ya sufuria, nikasema basi, leo nalitoa.

Mke wangu akasema, "Baba watoto, mwite fundi." Fundi wa nini, skrubu nne? Lakini bahari iko hapo nyuma tu, chumvi imezila vichwa mpaka zimekuwa laini kama kokwa za ukwaju. Bisibisi inazunguka, skrubu haina habari. Mie nimesimama juu ya kigoda, kigoda juu ya godoro, mke kanishika miguu anasoma Ayatul Kursiy. Ya nne ilipokubali, nikasahau kuwa ndani ya ule mti pana springi. Vrrrr! Pazia likajikunja lote kwa mkupuo mmoja, ubao wake wa chini ukanipiga kipajini, na nyuma ya kile kigubiko akatoka mjusi kafiri na familia yake, wakapita kifuani kwangu kama watu wanaohama.

Kununua jingine nako nikajifanya mjuzi. Juu ya fremu, ukilifungua dirisha, pana kibati kimeandikwa M04. Hicho ndicho cha kumsomea muuzaji. Maana yake fremu yote kwa nje ni sentimita 78 kwa 98. Kibati nilikiona. Nikadhani ni bei. Nikachukua futi kamba, nikapima kioo, nikatuma Dar.

Wakati tunangoja, mke akatoa kanga aliyopewa na dada yangu, hajaivaa hata siku moja. Nikaipigilia kwa misumari midogo, uso ukaangalia juu. Jina sikulisoma. Mwanamme anaziba jua, atasoma jina?

Nyuma yetu pana nyumba ndefu kuliko yetu, na bi mkubwa wa pale huanika nguo juu ya paa kila asubuhi. Siku ya pili nampa shikamoo, haitikii. Ya tatu, haitikii. Ya nne akaniuliza mbele ya muuza mikate: "Mwanangu, hasidi nani?"

Nikapanda ngazi mbio. HASIDI HANA SABABU, herufi kubwa, imemkodolea macho kila akianua kanzu za mumewe. Sasa nimejua kwa nini mke wangu hakuivaa. Nikaigeuza haraka, lakini kanga iliyopigwa na jua haina mbele wala nyuma, na bi mkubwa kumbe hata kinyumenyume anasoma. Kesho yake kwenye kamba yake akaanika ya kwake: SINA SIRI NINA JIBU. Kavu! Wala haikufuliwa.

Ijumaa pazia jipya likaja na boti. Zuri, jeusi, linanukia upya. Na jembamba. Kila upande limeacha vidole viwili, nami nimelifunga hivyo hivyo kwa sababu pesa imeshakwenda. Sasa jua halijazi tena chumba, linashuka mistari miwili. Mmoja uko ukutani, haumdhuru mtu. Wa pili, saa sita na nusu, unatua kwenye jicho langu la kushoto. Nikisogeza mto, unanifuata polepole kama mdai.

Leo mke wangu kasema anayo kanga nyingine, ataikata vipande viwili nivipigilie pembeni. Nimemuuliza imeandikwa nini.

"Panda kwanza," kaniambia.