Boksi la chuma au hewa ya presha? Paneli ya umeme kwenye depo la mafuta

Mvuke wa petroli ukifikia takriban asilimia 1.4 ya hewa unashika moto. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi na kupotea. Hutambaa chini, huingia kwenye mitaro ya kebo na kutulia humo. Kontakta ya pampu, yaani swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima, ikivuta au kuachia karibu na hapo, cheche yake ya kila siku inatosha kabisa. Haihitaji hata kuwa mbovu.

Kwa hiyo paneli inayowekwa zoni 1, yaani mahali ambapo mvuke unatarajiwa kujitokeza katika kazi za kawaida, lazima iwe na kinga. Kwa paneli kubwa mabishano huishia kwenye njia mbili. Ya kwanza ni Ex d, boksi zito la chuma au alumini linalostahimili mlipuko ndani yake. Ya pili ni Ex p, kabati la kawaida linalojazwa hewa safi yenye presha ili mvuke usipate pa kuingilia. Zote zimo katika IEC 60079, viwango vya kimataifa vya vifaa vya umeme kwenye mazingira ya mlipuko, na mafundi wazoefu utawakuta pande zote mbili, kila mmoja na sababu zake.

Tuanze na boksi. Wengi hudhani Ex d haipitishi gesi. Inapitisha. Likipoa usiku boksi huvuta hewa ya nje, na kama hewa hiyo ina mvuke, umeshaingia. Linachofanya ni kuuacha mlipuko utokee ndani, kisha kuupoza moto unapopita kwenye mwanya mwembamba kati ya kifuniko na mwili wa boksi, hadi unapofika nje hauwezi kuwasha chochote. Mwanya unategemea gesi. Kwenye vipimo vya maabara, mwali wa propani hukwama kwenye mwanya wa milimita 0.92, wa ethilini 0.65, wa hidrojeni 0.29, na boksi halisi hupewa mwanya mdogo kuliko huo.

Wanaolitetea wana hoja nzito. Boksi halitegemei kitu kingine. Halina kompresa wala swichi ya presha. Umeme ukikatika na kurudi mara tano kwa siku, jambo lisilo geni kwetu, boksi halijali. Ukiliwasha linafanya kazi papo hapo.

Tatizo langu na Ex d ni kwamba ikiharibika haisemi. Kifuniko cha boksi kubwa kinaweza kuwa na bolti zaidi ya ishirini. Fundi anaitwa saa nane usiku, anabadilisha fyuzi, anarudisha bolti sita pembeni na katikati, nyingine anaziweka kwenye kopo kwamba atazimalizia asubuhi. Kuanzia hapo lile si Ex d tena, ila pampu inazunguka na taa ya kijani inawaka. Mwingine anaona maji ya mvua yanapenya, anapaka silikoni kwenye uso wa kifuniko. Silikoni ikikauka, mwanya uliopimwa kiwandani umeshabadilika. Kinachotakiwa pale ni grisi isiyoganda. Yupo pia anayetoboa tundu jipya la kebo kwa drili, na cheti kinaishia hapo. Hata bomba lililopitishwa mbele ya mwanya lina madhara: IEC 60079-14 inataka nafasi ya angalau milimita 10 kwa gesi za kundi IIA (kama propani), 30 kwa IIB (kama ethilini) na 40 kwa IIC (kama hidrojeni), ili moto unaotoka usizuiwe njiani.

Ongeza chumvi ya pwani. Uso wa kifuniko ukiliwa na kutu kule Mtwara au Mombasa, huwezi kuupiga msasa hadi ung'ae halafu ukajipongeza, kwa sababu chuma ulichoondoa ndicho kilichokuwa kipimo.

Ex p ina tabia tofauti kabisa. Presha inayotakiwa ndani ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: paskali 50 zaidi ya nje, sawa na maji ya kina cha milimita 5. Lakini kabla ya kuwasha ni lazima kabati lipulizwe hewa isiyopungua mara tano ya ujazo wake, kuondoa mvuke uliokuwa umejikalia humo. Kabati la mita moja ya ujazo linahitaji lita 5,000; kwa mtiririko wa lita 250 kwa dakika, utasubiri dakika 20. Presha ikishuka, paneli ya zoni 1 yenye vifaa vya kawaida ndani hujizima.

Hapo ndipo naipendea Ex p: ikiharibika inapiga kelele. Mpira wa mlango ukichakaa, kila mtu kwenye depo atajua kabla ya saa ya chai. Tena ndani unaweka karibu vifaa unavyotaka, vikubwa, na hewa inayopita inasaidia kupoza. Joto si jambo dogo. Kifaa cha Ex kisichoandikwa vinginevyo kimethibitishwa kwa hewa ya nje kati ya nyuzi -20 na 40. Boksi lililofungwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana Dar es Salaam linaweza kupita hapo, na walioko Muscat hata kivulini wanapita.

Ila kelele zina gharama. Kila umeme ukikatika, kama hakuna tangi la akiba la hewa, dakika 20 zinaanza upya huku malori yamepanga foleni getini. Meneja anapiga simu. Mtu anakumbuka kwamba kuna swichi ya kuruka ulinzi, iliyowekwa kwa ajili ya matengenezo baada ya kupima gesi, na ufunguo wake unabaki pale pale wiki nzima. Kabati la bati lisilo na presha ni hatari kuliko boksi lililokosa bolti, maana halikujengwa kustahimili chochote. Na mdomo wa kompresa ukivuta hewa kutoka upande wenye mvuke, unalijaza kabati kile kile ulichokuwa unakikimbia.

Nani basi atalitunza? Swali hilo kwangu linatangulia bei. Kule Buncefield, Hertfordshire, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005, tangi la petroli lilifurika kwa sababu geji ilikwama na swichi ya kima cha juu haikufanya kazi. Swichi hiyo ilihitaji kufuli dogo ili mkono wake ubaki mahali pake. Waliokuwa wakiitumia hawakujua kazi ya kufuli, hivyo halikuwekwa. Wingu la mvuke lilienea hadi nje ya mipaka ya depo, na wachunguzi waliitaja nyumba ya pampu ya maji ya kuzimia moto kuwa ndiyo inayoelekea zaidi kuwa iliwasha. Watu zaidi ya 40 waliumia.

Tukio hilo linaitia doa kidogo hata njia ninayoipenda kuliko zote mbili: kuiondoa paneli zoni 1 kabisa, kuiweka kwenye chumba cha mbali, na kupeleka ndani ishara za Ex i tu, zenye nishati ndogo isiyoweza kutoa cheche ya kuwasha. Mstari wa zoni huchorwa kwa kazi za kawaida na hitilafu zinazotarajiwa, si kwa tangi linalomwaga petroli kwa zaidi ya dakika ishirini bila mtu kujua. Bado ningeanza hapo. Mita 60 za kebo mara nyingi ni rahisi kuliko boksi la kilo mia tatu, na fundi anaweza kufungua mlango wa paneli bila kibali cha kazi ya moto.

Pasipo nafasi ya kuisogeza, kituo kidogo chenye fundi mmoja anayezunguka vituo vingi ningekipa Ex d, kwa sharti la ukaguzi wa bolti moja moja kwa spana, na si wa kuangalia kwa macho. Depo lenye zamu za saa 24, hewa ya kuaminika na akiba yake, ningelipa Ex p, na ufunguo wa kuruka ulinzi ungekaa kwa msimamizi wa usalama, ukitolewa kwa kusaini. Analaiza ya gesi ni Ex p bila mabishano mengi, kwa ukubwa wake na joto lake. Ndani ya tangi lenyewe, zoni 0, ambako mvuke upo muda wote au kwa muda mrefu, zote mbili haziruhusiwi kwa paneli ya aina hii. Huko kipimo cha kima kwa kawaida ni Ex ia, daraja la juu kabisa la Ex i.