Gemu ya Kutaipu Ipo Bure, Tuitie Maneno Yetu

Kwa maoni yangu, hakuna mtu wa Mombasa anayepaswa kutoa shilingi kujifunza kutaipu. Word na Excel sawa, lipa, kuna mambo pale ya kuelekezwa na mtu. Lakini kutaipu ni kazi ya vidole na mazoezi, na mwalimu wake wa bure yupo tangu zamani: pengwini mmoja mnene anayekula samaki.

Namzungumzia Tux, yule pengwini wa Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, aliyechorwa na Larry Ewing mwaka 1996. Gemu yake inaitwa Tux Typing. Samaki wanaanguka kutoka juu, kila mmoja amebeba herufi au neno. Ukilimaliza neno kabla samaki hajafika chini, Tux anakimbia kumdaka na kummeza. Ukichelewa, pengwini kalala njaa. Upande wa pili kuna vimondo vinavyoiangukia miji, na kila neno unalomaliza linalipua kimondo chake. Basi, gemu ndiyo hiyo. Sura yake ni ya kizamani, na kijana aliyezoea kucheza FIFA ataicheka mwanzoni. Lakini inaingia kwenye Windows na kwenye Linux, ikishawekwa haidai bando, haikukatizi na matangazo ya kamari, na ile kompyuta kuukuu ambayo kufungua mtandao tu inakwama, hii inaibeba bila taabu. Unaihamisha kwa flashi kutoka mashine hii hadi ile na hakuna wa kukuuliza, maana leseni yake yenyewe inakuruhusu kuigawa.

Sasa linganisha na vyuo vya pakeji, vile vya kufundisha Word, Excel na wenzao, vilivyojaa ghorofani mjini. Kijana analipa karo, anatoka na cheti chenye muhuri, na siku ya kwanza kazini anataipu kwa vidole viwili, kichwa kimeinama, anadonoa kama kuku kwenye mtama. Pita saiba yoyote ya Mwembe Tayari wiki ya mwisho ya Juni, watu wanapokimbizana na tarehe 30 ya ritani za kodi, utazame. Mzee amesimama nyuma ya kiti anasoma namba zake: "Mwanangu, nimekwambia sifuri, si O." Kijana anainua macho kwenye skrini, anayashusha kwenye kibodi, anayainua tena, na foleni imeshafika mlangoni. Simlaumu yeye. Alifundishwa jina la kila menyu, na hakuna aliyewahi kumwambia weka kidole hapa.

Na hapo pa kuweka kidole pana alama. Pitisha vidole vya shahada juu ya F na J, utahisi kinundu kwenye kila kimoja. Hiyo ndiyo maskani. Vidole vingine vinajipanga kando, vya kushoto hadi A, vya kulia hadi kitufe cha nukta mkato, na kila kidole kina herufi zake za juu na za chini. Sharti ni macho yasishuke. Mwaka 1888, huko Cincinnati, Marekani, karani wa mahakama aitwaye Frank McGurrin alimshinda Louis Traub katika shindano la kutumia taipureta, na McGurrin alikuwa ameikariri kibodi nzima, anapiga bila kuitazama. Zaidi ya miaka 130 imepita na bado tunatazama chini.

Hapa ndipo gemu inapomzidi mwalimu wa darasani. Samaki yuko juu kwenye skrini. Ukishusha macho kutafuta kitufe, ukiyainua keshapita. Wajanja bado huchungulia, na dawa yao ni leso. Ifunike kibodi na mikono pamoja, ile ya mama iliyochakaa inafaa zaidi kwa kuwa ni nyepesi, kisha cheza. Utachukia siku za mwanzo. Vidole vitagonga kila kitu isipokuwa unachokitaka, na mtoto wa miaka kumi atakupita.

Lakini pengwini nina ugomvi naye, yeye na jamaa zake wote wa kutaipu. Maneno wanayokulisha mara nyingi ni ya Kiingereza, na vidole hujifunza njia vinayopitishwa. Ukishinda mwezi mzima ukiandika maneno ya Kiingereza utakuwa hodari wa E na T. Kiswahili kinafanya kazi kwingine. Herufi yetu kubwa ni A, kila unapogeuka ni A, na A iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile dhaifu kuliko vyote. Chukua neno "baraza". Mkono wa kulia umekaa bure kabisa. B na R ni za kidole cha shahada cha kushoto, na herufi nne zilizobaki, A tatu na Z moja, zote zinabebwa na kile kidole kidogo. "Sawasawa", neno ambalo mtu wa pwani hawezi kumaliza mazungumzo bila kulitamka, ni la kidole cha pete na kidole kidogo cha kushoto pekee, mwanzo hadi mwisho. Halafu uandike "pilipili" uone mkono wa kushoto unavyopumzika wewe ukihangaika na vidole vitatu vya kulia.

Maneno haya hayatakuja yenyewe kwenye gemu ya Kiingereza. Wala Q na X, ambazo Kiswahili hakina haja nazo, hazitaacha kukupotezea muda. Kuna pia ule mkato wa juu wa ng'ombe na ng'ambo, ambao vijana wengi wameuacha kwa sababu hawajui kidole gani kinaufikia. Ni kidole kidogo cha kulia, hatua moja tu kutoka maskani yake. Ukiuzoea, huna tena sababu ya kuandika "ngombe".

Uzuri wa Tux Typing ni kwamba orodha za maneno zinaweza kubadilishwa. Unaingiza zako kutoka ndani ya gemu, samaki wanaanza kushuka na maneno uliyoyaandika wewe. Hili ndilo ningependa walimu wetu wa kompyuta walifanye, badala ya kulalamika kwamba hakuna vifaa vya Kiswahili. Anayetaka kazi ya kuandikia watu barua karibu na mahakama ajitilie mlalamikaji, mshtakiwa, hati ya kiapo. Mwenye duka aweke majina ya bidhaa zake. Mimi ningeanza na viambishi, kwa kuwa humo ndimo Kiswahili kinamoishi: wana, hawaku, tuli, anaye, nika, msi. Vidole vikishavijua hivyo kwa mkupuo, neno refu halitishi tena.

Kuhusu urefu wa maneno, watu wengi hujidharau bila sababu. Kasi inapopimwa kwa maneno kwa dakika, "neno" kwenye kipimo hicho ni mapigo matano ya kitufe, nafasi ikihesabiwa. Kwa hiyo "hawakunifahamisha" na nafasi yake ni mapigo 18, yaani zaidi ya maneno matatu na nusu. Anayehesabu maneno ya Kiswahili moja moja kama yalivyo kwenye ukurasa anajidhulumu, na mwajiri anayefanya hivyo anamdhulumu mwenzake.

Kasi yenyewe naiweka nyuma. Mji huu unakula kwa bandari, na ofisi za klaring, zile za kutoa mizigo bandarini, zimejaa vijana wanaoingiza namba za makontena kutwa nzima: herufi nne, tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho imewekwa makusudi ya kuumbua makosa ya zile za mbele. Pale, mtu wa maneno 30 kwa dakika asiyekosea ana thamani kuliko wa 60 anayerudi nyuma kufuta. Wanaofanya kazi ya mtandaoni ya kuandika maneno ya sauti zilizorekodiwa wanalijua vizuri hili, maana wanalipwa kwa dakika ya sauti, na kila kosa la kurudia wanalifidia wao kwa muda wao. Ndiyo maana sishauri mgeni aanze na TypeRacer, ile ya kushindana na watu mtandaoni kwa vigari. Ni tamu, sikatai. Lakini anayeanza akiona gari lake linaachwa, hurudi kwenye vidole vyake viwili ili ashinde, na leso keshaitupa huko. Na kwenye tarakimu nisiusifu sana upande wa pengwini pia. Samaki wake hawakufundishi mstari wa juu wa namba kama klaring wanavyoutaka. Huo uutafutie zoezi lake.

Watoto ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Tangu 2016 serikali ilipoanza kupeleka tableti katika shule za msingi, tumejisemea kwamba kizazi hiki ni cha dijitali. Kwa gumba mbili, naam. Mpe kibodi kamili mtoto anayeandika ujumbe kwenye simu kwa kasi ya kukutia wivu, utamwona anavyoganda.

Saiba zetu zinaweza kusaidia hapa bila kungoja mradi wa mtu. Baada ya adhuhuri, jua likiwa kali na wateja wako majumbani, mashine nyingi zimewaka bure. Mwenye saiba aitie gemu kwenye moja, ile mbovu kuliko zote, awaachie watoto wa mtaa. Nililitaja jambo hili kwa mzee mmoja mwenye saiba huku Majengo, akanikatiza kabla sijamaliza.

"Mwanangu, watanivunjia kibodi hawa."

"Ami, wape ile uliyoitupa chini ya meza."

"Ile imefutika herufi zote, haionekani hata A iko wapi."

"Hiyo hiyo, Ami. Leso hawatahitaji."