Swali la asubuhi, shilingi ya jioni

Katika mgahawa mmoja wa mtori pale Mbuyuni, Moshi, televisheni huwashwa kabla mkaa haujashika sawasawa. Saa tatu asubuhi dua inasomwa Dodoma, Spika anaketi, Katibu anaita maswali. Kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti linapokaa, wateja hupunguza sauti kwa dakika hizo. Kila mmoja anategea kusikia kama upande wake utatajwa.

Ukitajwa, ni barabara. Masika ya huku mlimani hayana adabu. Njia za kupanda Uru, Kibosho na Old Moshi zinateleza kama zimepakwa sabuni, na mkungu wa ndizi unaoshushwa sokoni kwa bodaboda unabeba nauli kuliko faida. Basi mbunge anauliza ni lini Serikali itajenga barabara fulani kwa kiwango cha lami. Naibu Waziri anasimama kwa niaba ya Waziri na kusoma jibu ambalo wanywa mtori wanalijua kwa ghibu: upembuzi yakinifu na usanifu wa kina umekamilika, ujenzi utaanza kadiri fedha zitakavyopatikana. Maswali mawili ya nyongeza, jibu lilelile limegeuzwa ubavu, meza zinagongwa. Swali linalofuata.

Wapo wanaosema saa hiyo inapotea bure. Hoja yao si nyepesi. Ibara ya 63 ya Katiba inaliita Bunge chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na sasa chombo kikuu kinajadili kalavati. Diwani afanye nini? Mbunge aliyezoea kuomba lami kwa Waziri asubuhi hawezi kumkaba Waziri huyohuyo jioni. Mwenye shida hamtukani mwenye ghala.

Mimi nilikuwa upande huo kwa miaka mingi, na nimehama nusu. Kilichonihamisha ni mama mmoja muuza ndizi aliyeniambia hapo hapo mgahawani: "Mwanangu, hilo jibu limeandikwa. Kwenye mkutano wa kijiji tutamsomea mbunge." Ni kweli. Neno la Waziri bungeni linaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, lina tarehe, lina jina. Ahadi ya jukwaani mgombea anaweza kuikana. Hii haikaniki. Na ibara hiyohiyo ya 63, inapohesabu kazi za Bunge, ya kwanza inayoitaja ni kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma. Haikusema maswali makubwa tu. Kwa mtu wa Uru, kalavati ndiyo mambo ya umma.

Kwa hiyo swali la barabara silidharau tena. Shida yangu iko kwenye maneno matatu ya mwisho wa jibu: "kadiri fedha zitakavyopatikana". Hapo ndipo swali la pili lilipaswa kuzaliwa, nalo halizaliwi: fedha zilizokwisha kupatikana zilikwenda wapi?

Ajabu ni kwamba jibu la swali hilo huwa limefika bungeni majuma hayohayo. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwasilishwa bungeni mwezi Aprili. Magazeti yanaijaza kurasa kwa siku kadhaa: malipo yasiyo na nyaraka, miradi iliyolipiwa isiyoonekana, mikataba yenye mashaka. Kisha inaingia kamati, ile ya Hesabu za Serikali na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa, na mjadala wa Bunge zima unakuja Novemba. Mwaka 2023 wabunge waliotaka kuijadili mara moja walielekezwa na Spika wa wakati huo, Dk. Tulia Ackson, kwamba utaratibu ni kusubiri kamati zimalize kazi.

Utetezi wa utaratibu huo nauheshimu. Mkaguzi anaandika hoja, na hoja si hukumu. Afisa masuuli, yule anayewajibika kwa matumizi ya ofisi ya umma, ana haki ya kuitwa, kuleta vielelezo na kujieleza, na baadhi ya hoja hufungwa pale stakabadhi iliyokuwa imepotea kabatini inapoonekana. Bunge likirukia ripoti ikiwa mbichi, litageuka baraza la kurushiana majina, na siku mtu aliyechafuliwa akisafishwa, nani atatangaza? Anayekumbuka mijadala ya Aprili 2012 anajua pande zote mbili za moto huo. Wabunge waliwaka baada ya ripoti ya CAG, Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, akakusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, na Mei Rais Kikwete akapangua Baraza la Mawaziri na kuwaacha mawaziri sita. Wengine wanaiita siku ya heshima ya Bunge. Wengine wanasema watu waliondoka kabla ya kusikilizwa vya kutosha.

Lakini itazameni kalenda. Ripoti inafika Aprili, bajeti inapita Juni, mjadala wa ripoti unafanyika Novemba. Ofisi iliyotajwa kwa malipo yenye mashaka inaombewa fungu jipya kabla maelezo yake hayajafika kwa wabunge wote. Mwenye duka hapa Moshi hampi kijana mtaji wa pili huku daftari la mtaji wa kwanza likiwa kwa mhasibu. Kamati zianze mapema, zipewe siku za kutosha, na angalau taarifa ya awali isomwe kabla ya Juni. Nadhani hilo halimnyimi mtu haki yake ya kusikilizwa.

Chombo cha kuunganisha mambo hayo mawili kipo tayari, nacho ni shilingi. Jioni, mafungu ya wizara yanapopitishwa, mbunge asiyeridhika anaweza kusema anashika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani anataka mshahara huo upunguzwe shilingi moja mpaka aridhike na maelezo. Wenzake wachache wanachangia, Waziri anaeleza tena kwa sauti ya upole zaidi, na Spika au Mwenyekiti anauliza: Mheshimiwa, unarudisha shilingi? Anarudisha. Mara nyingi sana anarudisha. Siwacheki wote. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti, ibara ya 71 inamwondoa mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama chake, na Mawaziri wenyewe ni wabunge wenzao. Shilingi ni nyepesi mfukoni lakini si nyepesi mkononi mwa mtu mwenye mambo hayo kichwani.

Ndiyo maana yakitajwa makubwa yaliyowahi kutoka Dodoma, watu wa huku humkumbuka jirani yao, Edward Lowassa, mbunge wa Monduli, aliyejiuzulu Uwaziri Mkuu Februari 2008. Haikuwa shilingi wala swali la asubuhi. Ilikuwa kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, iliyochimba mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond na kurudi na karatasi. Anayesema kazi ya kamati ni pole na haina mchuzi asome tena mwezi ule.

Mwishoni mwa Juni bajeti huamuliwa kwa kuitwa jina kwa jina. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Mgahawani sauti ya televisheni huwa imeshushwa, masika yamekwisha, na njia ya Kibosho badala ya tope ina vumbi. Mama wa ndizi hatazami majina. Anaulizia Novemba imebakiza siku ngapi.