Vigae vyenye vinundu si pambo la barabara

Ndugu wakiniuliza Uingereza imetuzidi wapi, hutarajia nitaje treni au hospitali, nami huwajibu kwamba imetuzidi kwenye vigae vya njia za waenda kwa miguu. Penye kivuko hapa Uingereza, ukingo wa njia hushushwa hadi usawa wa lami ili kiti cha magurudumu kipite, na kwa kuwa asiyeona hawezi tena kuhisi njia inapokoma, hutandikwa vigae vyenye vinundu bapa, vya kimo cha milimita 5 hivi, ambavyo wayo huvitambua hata ndani ya kiatu. Vyekundu ni vya vivuko vyenye taa au pundamilia, na kwingineko hutumika rangi nyingine, jambo linalowafaa wenye uoni hafifu. Chini ya kisanduku cha kitufe cha taa kuna kidude chenye umbo la pia, ambacho huzunguka watembeao wanaporuhusiwa kuvuka. Mwenye fimbo nyeupe hukishika kwa vidole, akangoja, na wengi wenye macho hawajui hata kama kipo.

Utaratibu huu asili yake si Uingereza. Mjapani Seiichi Miyake ndiye aliyevibuni vigae hivyo mwaka 1965, na vya kwanza viliwekwa mjini Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona. Leo kuna hata kiwango cha kimataifa, ISO 23599. Kwa kawaida vinundu humwonya mtu asimame, na mistari iliyoinuka humwongoza aendako.

Dar es Salaam navyo vimeanza kuonekana, na hapo ndipo ninapoudhika. Mbele ya jengo moja la umma nilikuta mistari inayomwelekeza mtu moja kwa moja kwenye nguzo ya umeme, na hatua chache mbele vinundu vimetandazwa mahali pasipo na kivuko wala ngazi, nadhani kwa sababu fundi alibakiwa na vigae. Heri wasingeweka kitu, maana asiyeona aliyedanganywa mara moja hataviamini tena hata pale vilipowekwa sawasawa. Umaskini hauhusiki hapa, kwa kuwa kigae kilichokosewa mahali kimenunuliwa kwa bei ile ile.

Wala Waingereza si malaika. Mwaka 2020, katika stesheni ya Eden Park, London, abiria mwenye uoni hafifu alianguka kutoka jukwaa lisilo na vigae hivyo, akagongwa na treni akafa. Uchunguzi rasmi ulifanyika, na vigae vikaongezwa kwenye majukwaa mengi nchini.

Sisi tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kinachopungua ni mhandisi kukataa kusaini kazi kabla mtu mwenye fimbo nyeupe hajaipita njia hiyo peke yake, tena mchana wa siku ya kazi, wakati machinga wamepanga bidhaa na bodaboda zimeegeshwa.