Mtoto mdogo na hifadhi za milimani: panga kwa usingizi wake kwanza, ramani baadaye

Wazazi wenzangu, hili suala la kupanga safari ya gari kwenda hifadhi za milimani na mtoto wa mwaka na nusu au miwili, naona wengi tunalianza kinyumenyume, na mi mwenyewe nimelianza hivyohivyo. Unafungua ramani kwenye simu, unaweka alama hifadhi hii na ile, alafu unaongeza ya tatu kwa sababu eti ipo njiani, unajumlisha masaa, unatafuta pa kulala, ndo mwisho kabisa unakumbuka kuna mtu mdogo ambaye atafungwa mikanda kwenye siti huko nyuma muda wote huo na hajaulizwa chochote.

Msimamo wangu sasa hivi ni mmoja: hifadhi moja, usiku kadhaa sehemu hiyohiyo, na masaa ya barabarani yahesabiwe kwa usingizi wa mtoto. Najua kuna watakaosema sasa umesafiri mbali hivyo unaachaje hifadhi ya pili ambayo ipo hapohapo karibu. Unaiacha. Mlima hauhami.

Safari yetu ya kwanza tulipanga hifadhi tatu kwa siku nne. Simu ikasema siku ya kwanza ni masaa matano, tukatumia karibu nane, na wala hatukuharibikiwa gari. Simu inahesabu gari linalotembea tu, haihesabu kubadilisha nepi pembeni ya barabara upepo ukipeperusha kila kitu, haihesabu lori lililo mbele yako kwenye kona ambazo huwezi kulipita kwa nusu saa nzima, na haihesabu yale mapambano ya mtoto anapogoma kurudi kwenye siti, amekaza mgongo kama ubao na mikanda haifungiki. Tulifika giza limeshaingia, mtoto analia, baba yake macho mekundu, na kesho yake asubuhi ratiba inatutaka tuondoke tena. Nilikaa kitandani usiku ule nikajiuliza hii safari tumemfanyia nani.

Sasa navyofanya ni hivi. Mwanangu analala mchana mara moja, saa moja na nusu hivi, kwa hiyo tunaondoka muda mfupi kabla ya usingizi wake ili mwendo mrefu wa siku uangukie humo. Nje ya hapo hatupitishi masaa mawili bila kumtoa kwenye siti, na kumtoa maana yake atoke kweli, akimbie, aokote vijiti, siyo kumpakata ndani ya gari dakika tano. Ukipiga hesabu hiyo unakuta siku nzima una masaa matatu, manne ukibahatika, ndo chora duara lako hapo uone hifadhi ipi inaingia. Wapo wanaosema endesheni usiku mtoto akiwa amelala. Kwenye tambarare sawa, labda, lakini barabara ya mlimani usiku ina kona, ukungu, wanyama wanaokatiza, na dereva aliyeamka alfajiri. Alafu mkifika mtoto ndo ameshalala kashiba usingizi anataka kucheza. Hapana.

Kitu ambacho hatukukiwaza kabisa kwenye kupanga ni mwinuko, na hapa ndo nataka nikae kidogo.

Tulikuwa tunashuka kutoka juu, mimi nimekaa nyuma na mtoto, amelala vizuri tu. Ghafla akaamka na kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, kikali, mkono umeshika sikio. Nikaangalia mikanda, nikaangalia nepi, sioni kitu. Alafu macho yangu yakaangukia chupa ya plastiki niliyokunywa maji kule juu nikaifunga, ilikuwa imebonyea pande zote kama imeminywa na mtu. Ndo nikaelewa. Hewa ya chini ni nzito kuliko ya juu, ilikuwa inaisukuma ile chupa kutoka nje, na ilikuwa inasukuma ngoma za masikio ya mwanangu hivyohivyo. Kuna mrija mwembamba unaotoka sikioni kwenda nyuma ya pua na koo, ndo unaosawazisha hiyo presha, na unafunguka mtu anapomeza au kupiga miayo. Wa mtoto ni mwembamba zaidi na umelala zaidi kuliko wetu, na akiwa usingizini anameza mara chache, akiwa na mafua ndo kabisa. Baba yake akasimamisha gari sehemu pana, nikampa kikombe chake cha mrija, akavuta mafunda matatu manne, akatulia, akaniangalia, akaendelea kunywa. Tangu siku hiyo kikombe hakikai kwenye begi la nyuma, kinakaa mkononi mwangu, na mteremko mrefu napenda ashuke akiwa macho. Akiwa na mafua mazito safari ya milimani inasubiri.

Na dereva naye ashushe gia aache injini ilizuie gari, maana ukikanyaga breki mteremko wote zinapata moto na kupungua nguvu, na mwendo wa taratibu kwenye kona unamsaidia mtoto asitapike, hasa akishafika miaka miwili, kichefuchefu cha gari kinaanza kuwasumbua watoto wengi umri huo.

Turudi kwenye mwinuko. Watu wazima tukipanda juu kuanzia kama mita 2,500 tunaweza kupata maumivu ya kichwa, kichefuchefu, usingizi kukatikakatika, na tunasema kichwa kinauma. Mtoto wa miaka miwili hawezi kukwambia hivyo. Yeye atalialia tu, atakataa chakula, atatapika, hatacheza, na usiku halali, yaani dalili zilezile ambazo ungesema ah huyu kachoka na safari. Ndo maana naona ni hatari kumpandisha siku moja kutoka chini mpaka juu kabisa alafu mkalala hukohuko. Na gari linakupandisha haraka kuliko unavyodhani. Chukua mfano wa Trail Ridge Road kule Marekani kwenye hifadhi ya Rocky Mountain, ni lami inayofika mita 3,713, na mtu anaweza kuamka Denver kwenye mita 1,600 hivi na kabla ya mchana yupo huko juu na mtoto wake. Kwenye mita 3,000 tu kila pumzi inabeba karibu asilimia 70 ya oksijeni ambayo ungeipata usawa wa bahari.

Kwa hiyo sehemu ya kulala ndo naichagua kwanza, na naichagua chini. Mchana tunapanda, tunaangalia, tunashuka, tunalala chini. Ikibidi kulala juu basi usiku mmoja au miwili katikati ya njia kwanza. Na kama mtoto amebadilika baada ya kupanda, usianze kubishana na nafsi yako kama ni meno au ni uchovu, shuka naye kwanza, na akizidi kulegea au kupumua kwa shida muwahishe kwa daktari. Kabla ya kulipia chochote andika mwinuko wa pale mnapolala pembeni ya jina la sehemu. Kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati au ana shida ya moyo au mapafu, ongea na daktari wake kabla hujapanga lolote.

Baridi nayo. Kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, na hapohapo jua linaunguza zaidi kwa kadiri ya asilimia 10, kwa hiyo unaweza kuwa na mtoto mwenye vidole baridi na mashavu yaliyobabuka siku moja. Kofia ya ukingo mpana, nguo za tabaka tabaka, krimu ya jua hata kukiwa na mawingu. Ila nisikilizeni hapa: lile koti nene lililojaa livuliwe kabla ya kumfunga kwenye siti ya gari. Mikanda inaonekana imekaza kumbe imekaza koti, ikitokea ajali koti linabonyea na mtoto anabaki na nafasi ya kuchomoka. Mfunge na nguo nyepesi, alafu blanketi juu ya mikanda. Na siti yenyewe iendelee kuangalia nyuma mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye siti, hata kama watu wanakwambia miguu imekunjika. Miguu kukunjika siyo tatizo, shingo ndo tatizo ajali ikitokea.

Ukimbeba mgongoni kwenye njia za kutembea kumbuka wewe unatoka jasho kwa kupanda, yeye amekaa tu. Tulitembea kama dakika arobaini siku moja, mi nimefungua zipu kwa joto, nikamshusha nikagusa miguu yake, ya baridi kama jiwe la kijito. Hakuwa hata analia. Siku hizi kila baada ya muda mfupi nampapasa miguu na shingo nyuma.

Wanyama nao usiwategemee kuwa wapole kwa sababu wamezoea magari. Hifadhi ya Yellowstone, nayo ya Marekani, sheria yao ni mita 91 kutoka kwa dubu, mbwa mwitu na puma, na mita 23 kwa wengine wote, na hata hifadhi uliyopo ikiwa haina dubu hilo wazo la umbali ni zuri kulibeba, maana mtoto huyu anakimbia kabla hujamaliza sentensi. Kwenye maegesho mi namshika mkono kabla mlango mwingine haujafunguliwa.

Siku niliyoipenda kuliko zote hatukufika popote. Kulikuwa na njia fupi ya kwenda maporomoko, yalibaki kama mita 200, tunayasikia kabisa, mtoto akaona kijito kidogo akachuchumaa. Akachukua kijiwe, akakitupa, akasikiliza. Akachukua kingine. Baba yake akataka kumnyanyua nikamwambia muache. Tulikaa pale karibu saa nzima, mawe yanaingia majini moja moja, na kila likilia anageuka kutuangalia kama tumesikia. Maporomoko hatukuyaona.

Safari ijayo tumeshaipanga, hifadhi moja, usiku nne, tunalala kwenye mita 1,400, siku mbili za kupanda juu na kushuka, na siku ya kati haina kitu chochote kilichoandikwa. Baba yake jana kaniuliza hiyo siku ya kati si tuchomeke ile hifadhi ya jirani. Nimemwambia hiyo siku ni ya kijito.