Ndege wa bondeni hawahitaji miche yetu

Nina ugomvi na miche ya miti. Si yote. Nasema ile inayopelekwa bondeni kwa gari la kampeni, ikapandwa kwenye matope mbele ya kamera, kisha wapandaji wakapiga picha na kurudi mjini kula. Februari 2, Siku ya Ardhi Oevu Duniani, tunapanda miti. Siku ya Mazingira, miti. Mto ukikauka, miti. Imefika mahali ukitaja kurejesha bonde lililoharibika mtu anatafuta jembe na mche, na ukimwuliza mtu huyo, ndege anayeitwa korongo taji atakaa wapi, anakuonyesha kivuli.

Korongo taji hana shida na kivuli. Mti anauhitaji wa kulala usiku tu. Kiota anakiweka chini, katikati ya matete na nyasi zilizosimama majini, anataga mayai mawili hadi manne, na askari wake ni yale maji yaliyomzunguka: mbwa hataki kuloa, mtoto anaogopa kuzama. Maji yakishuka kabla vifaranga havijatoka, kila mwenye miguu anafika. Tangu 2012 ndege huyu yumo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mbayuwayu wa buluu, anayekuja kuzaa kwenye nyanda za nyasi za huku kwetu, nyanda za juu kusini, naye hajengi mtini. Anatafuta shimo ardhini, hata lililochimbwa na muhanga. Ukimjazia uwanda wake misonobari umemfukuza, hata kama umeuita huo msitu hifadhi ya mazingira.

Shuka mabonde ya Mufindi mwezi wa nane uone. Juu kote nyasi zimekauka rangi ya mkate, chini kuna mstari wa kijani: vinyungu. Matuta ya maharage, mahindi mabichi, kabichi, udongo mweusi unaonata kwenye jembe. Katikati umechimbwa mfereji, mwembamba tu, upana wa majembe mawili, na humo ndimo bonde zima linavuja usiku na mchana. Pembeni, pale maji yanapochipuka, imesimama milingoti, yaani mikaratusi. Mwenye nayo hana ujinga wowote. Nguzo ina bei, na mlingoti unakua haraka kuliko ada ya shule inavyopanda. Lakini unakunywa. Kwa hiyo bondeni, hatua ya kwanza ya kurejesha si kupanda, ni kukata. Ya pili ni kuziba ule mfereji kwa mabonge ya udongo na nyasi, kizuizi kimoja hapa, kingine hatua kadhaa mbele, ili maji yatuame tena. Matete yatarudi yenyewe. Hakuna aliyewahi kuyapanda. Ukitaka mti kabisa, weka mivengi, miti ya asili ya penye maji, ukingoni, siyo katikati.

Mama mmoja niliyemkuta analimia matuta yake, baada ya kamwene na habari za nyumbani, aliniambia kwa upole: "Mwanangu, hao ndege wako nawapenda. Lakini mwezi wa kumi wanangu wanakula nini?" Swali hilo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hailijibu. Inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na huku kila mtu anaijua hiyo mita 60 kuliko namba yake ya NIDA. Tatizo ni kwamba mabonde mengi ya Iringa na Njombe ni membamba. Ukipima 60 upande huu na 60 upande ule, bonde limekwisha na mama hana kinyungu. Ndiyo maana sheria inasomwa mkutanoni na matuta yanabaki palepale. Mimi ningekubali nusu: ukanda wa katikati, wenye maji, uachwe bila mfereji wala jembe, kandokando walime. Korongo taji anaweza kuishi na wakulima. Anatembea shambani, anapiga miguu chini kama anayecheza ngoma, wadudu wakiruka anadonoa.

Sasa Ihefu. Najua, ukiandika jina hilo watu wanakumbuka ile timu ya Mbarali iliyoifunga Yanga 2-1 Novemba 2022 na kuikatia mechi 49 bila kupoteza. Timu yenyewe imeshahamia Singida na kubadili jina. Bwawa la Ihefu halihami, lipo bonde la Usangu, Mbeya, na ndilo lililokuwa makao makubwa ya ndege wa maji nyanda za juu kusini. Linapokea mito inayotoka milimani, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera, na kutoa Ruaha Mkuu kupitia kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Ni kama beseni: maji hayamwagiki mpaka yafike ukingoni. Yakipungua kidogo tu chini ya ule mwamba, mto huko mbele haupungui, unakatika kabisa. Mwishoni mwa 1993 ulikatika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tangu hapo kukatika kumekuwa jambo la kiangazi.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuondoa watu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa Usangu, wengine wakaishia Lindi, na 2008 Ihefu ikaunganishwa na hifadhi. Mto uliendelea kukauka, kwa sababu ng'ombe hakuwa ameshika funguo za maji. Funguo ziko kwenye mabanio, yale malango yanayochepusha maji ya mto kwenda mashambani. Mpunga ukishavunwa, majaruba hayahitaji maji, lakini mabanio mengi yanabaki wazi na maji yanazagaa mashambani yakikaushwa na jua, wakati ndege wa Ihefu wanabanana kwenye dimbwi. Ukiuliza kwa nini hayafungwi, utaambiwa wazembe. Si kweli, au si kweli yote: kuna vitongoji vinavyokunywa, kufua na kunywesha mifugo kutoka kwenye mfereji huohuo. Wachimbieni visima, ndipo mfunge banio. Kisima hakipigwi picha nzuri kama mche, lakini kitarudisha maji mengi zaidi Ihefu.

Mwenye mpunga Mbarali, hata hivyo, akisikia neno ndege anawaza kwelea kwelea, vile vindege vinavyomaliza nafaka, na simlaumu. Ameamia tangu alfajiri, sauti imekauka, kopo limetoboka. Na lazima nikubali kwamba matete ninayoyadai ndiyo kwelea wanayolala. Ila sumu ambayo serikali inaimwaga kutoka angani hailengi kwelea peke yake. Kipanga na korongo wanaookota mizoga wanakufa nao. Jibu tamu hapa sina. Nachagua matete pamoja na hasara yake, huku nikijua kwamba shamba si langu.

Tabia hii ya mche imefika hata pwani, ambako maji yetu yanaishia. Ruaha Mkuu unaingia Rufiji. Kilombero nao unakusanya mito ya Mufindi na Njombe na kuingia hukohuko. Delta ya Rufiji, pamoja na Mafia na Kilwa, imo tangu 2004 kwenye orodha ya Ramsar, orodha ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, na mikoko yake ni mali. Palipokatwa mikoko ikapandwe tena, sawa. Lakini kuna yale matope tupu yanayofunuka maji yakipwa, na mgeni akiyaona anadhani ni mahali palipoharibika panaposubiri miche. Huo ni uwanja wa kulia chakula. Vitwitwi wanaotoka kuzaa Siberia wanachoma midomo humo kutafuta minyoo, na ndege mmoja mweupe na mweusi, mdomo mnene, anakuja kutoka pwani za Uarabuni na Somalia kula kaa. Wanataka uwazi ili wamwone kipanga akija. Ufilipino walipanda mikoko kwenye matope ya namna hiyo miaka mingi. Miche mingi ilikufa, na palipoota, uwanja wa chakula wa ndege hao ulipotea.

Matope hayo yanaletwa na mito, na tangu mwisho wa 2022 yanapitia kwanza kwenye bwawa la Julius Nyerere, ambako sehemu yake inatua na kubaki. Hilo limeshajengwa, tuliache. Ninaloweza kudai kutoka huku juu ni malipo. Bwawa la umeme la Kidatu lina megawati 204 na la Mtera 80, na yote mawili yanategemea Ruaha Mkuu. Kwenye kila bili ya umeme ingekatwa sehemu ndogo, ipitie kwenye jumuiya za watumia maji, imfikie yule mama aliyeacha ukanda wa katikati ya bonde lake bila kuulima. Alipwe mwezi wa kumi, kabla ya mvua, wakati ambao alikuwa akivuna mahindi mabichi. Hapo nitashuka naye bondeni kuziba mfereji, na mtu wa kampeni akija na miche yake tutamwelekeza ukingoni.