Utafiti wa muthiga umfikie muuza dawa

Kuna mama anayeniuzia gome la mti wa muthiga sokoni Nakuru. Huwa ni kipande cha ukubwa wa kiganja, nje kijivu chenye mikwaruzo, ndani rangi ya mdalasini. Ukikitafuna, ulimi unawaka kama uliouma pilipili na pua inazibuka. Kwetu kilikuwa dawa ya kikohozi, ya tumbo na ya jino. Mara ya mwisho nilikuta vipande vyake vyembamba kama ganda la muhogo, nikamuuliza kulikoni. "Mwanangu, miti mikubwa imekwisha," akanijibu. "Wanaoniletea sasa wanachuna hata michanga."

Jibu hilo limenikaa moyoni, na ndilo linalonifanya niandike. Muthiga, ambao Wamaasai huuita osokonoi, ni wa jenasi ya Warburgia, yenye spishi nne zinazoota Afrika tu, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Adolf Engler aliipa jenasi hiyo jina hilo mwaka 1895 kwa heshima ya mtaalamu mwenzake wa mimea, Otto Warburg. Mti ulikuwa na majina yake kwa karne nyingi kabla ya hapo.

Sehemu ninayoipenda katika historia yake ilitokea Nairobi. Profesa Thomas Odhiambo alianzisha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, mwaka 1970. Katika muongo huo wakemia Isao Kubo na Koji Nakanishi, pamoja na wenzao, walikuwa wakitafuta mimea inayoweza kumzuia kiwavijeshi, yule anayeteketeza shamba la mahindi kwa siku chache. Katika gome la Warburgia walipata kemikali inayomfanya kiwavi akatae jani. Waliitangaza mwaka 1976 kwa jina la warburganali. Ikafuata nyingine, muzigadiali, jina lililotokana na muziga, jina la mti wenyewe.

Kinachowasha ulimi na kinachomfukuza kiwavi ni kitu kile kile. Molekuli hizi zina aldehaidi mbili, yaani vikundi vya atomi vinavyoungana upesi na vitu vingine, zilizokaa karibu karibu, na jozi hiyo hunasa protini kwa urahisi. Ndugu yao poligodiali, ambayo pia imo kwenye gome, huua kuvu wa Candida katika majaribio ya maabara. Kwa hiyo mzee aliyeonja gome na kulitupa kwa sababu haliwashi alikuwa akipima ubora wa dawa, na alipima sawasawa. Hili lingepaswa kufundishwa shuleni.

Lakini kitu kinachonasa protini hakijui iliyo ya kuvu na iliyo yako. Kemikali hizi zimeonekana kudhuru hata seli zisizo za vijidudu, ndiyo maana siwezi kumshabikia anayesema dawa ya miti haina madhara. Suala ni kiasi gani, mara ngapi, kwa nani. Nimesoma makala nyingi za muthiga, na nyingi mno zinaishia kwenye kisahani cha maabara. Utafiti mmoja wa mwaka 2005 ulionyesha kemikali za gome zikizuia bakteria wa ukoo wa kifua kikuu. Ni kazi nzuri, ila waliojaribiwa walikuwa jamaa zake wasio hatari sana. Kutoka hapo hadi kumwambia mgonjwa anywe kikombe kuna safari ndefu, na kuna watu wanaoiruka kwa tangazo moja la redio.

Utafiti ninaouona una thamani kuliko yote kuhusu mti huu haukutafuta kemikali mpya. Mwaka 2001 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha kazi kuhusu Warburgia salutaris, spishi iliyochunwa kusini hadi ikawa hatarini kutoweka. Walijiuliza: je, majani yanaweza kushika nafasi ya gome? Walipoyachunguza, wakaona kemikali kali za gome zimo pia kwenye majani. Jani likichumwa huota jingine. Gome likichunwa kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakifiki tena mizizini, na mti unakufa taratibu huku mchunaji ameshasahau alikopita.

Nilimweleza mama wa Nakuru habari hizo. Alisikiliza kwa makini, kisha akasema wateja wake hawatanunua majani, watayaona mboga. Halafu akauliza swali ambalo nataka vyuo vyetu vilijibu: "Majani mangapi ni sawa na kipande hiki?" Sikuwa na jibu. Hesabu hiyo haihitaji mitambo ya ajabu. Inahitaji majani ya misimu mbalimbali, mizani, vipimo vya kemikali vinavyofanyika tayari katika maabara zetu, na mtu wa kurudi sokoni kueleza kwa Kiswahili. Kwa fedha za umma, ningeanza na hilo kabla ya kutafuta kemikali nyingine ya kuandikia makala.

Huku tukisubiri, tupande. Kusini mashariki mwa Zimbabwe, ambako muthiga wao ulikuwa umekwisha porini, wakulima walipewa miche iliyotoka Afrika Kusini wakaipanda mashambani mwao. Mbegu za mti huu hazipendi kukaushwa wala kuwekwa ghalani, hupoteza uhai upesi. Ukiokota tunda bivu, toa mbegu, osha, na uipande wiki hiyo hiyo.